Kamba Isifungwe Kiunoni

Kila asubuhi kivuko cha Mto Nzoia, upande wa Matungu, huamka kwa kelele. Pikipiki, magunia ya mahindi, wanafunzi, kuku waliofungwa miguu: kila mtu anataka kuvuka kwanza. Boti ni moja. Wavushaji ni ndugu wawili, Athman na mdogo wake Anwar. Mwanamisi, mke wa Athman na mama wa binti yao Laila, huuza uji na mandazi ukingoni, hatua chache tu kutoka majini.

Athman alikuwa na desturi moja. Boti ikifika ukingoni, aliruka chini na kujifunga kamba ya boti kiunoni. Kwa njia hiyo boti haikuchukuliwa na maji, na mikono yake miwili ilibaki huru kushusha mizigo. Baba yake alifanya hivyo maisha yake yote. Watu walimsifu Athman kwa nguvu zake, naye sifa alizipenda, tusidanganyane.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha sana. Mto ulijaa, ukawa mwekundu kwa udongo. Siku moja Athman alikuwa amesimama ukingoni, kamba kiunoni, akipokea gunia. Gogo kubwa likaja na maji, likaigonga boti. Boti ikageuka na kuondoka kwa kasi. Kamba ikakaza. Athman akang'olewa pale aliposimama, akaburutwa hadi mtoni.

Alijaribu kufungua fundo. Fundo linalovutwa na boti nzima halifunguki. Alizama, akaibuka, akazama tena. Anwar alikuwa ndani ya boti. Alinyakua panga la abiria mmoja, mkata miwa, akaikata kamba. Athman alishika matete akatoka, mbavu zikimuuma; Anwar naye aliirudisha boti ukingoni kwa kasia. Mwanamisi aliona yote.

Athman alikaa nyumbani wiki mbili. Siku ya kwanza aliporudi kazini, alichukua kamba mpya, akaanza kuizungusha kiunoni.

Mwanamisi aliacha sufuria yake, akaingia kwenye boti, akaketi katikati.

"Mama Laila, shuka," Athman alisema. "Abiria wanangoja."

"Sishuki."

"Unaniaibisha mbele ya watu!"

"Afadhali aibu. Saa hii ningekuwa nimekaa eda. Ukijifunga hiyo kamba, hii boti haiendi mahali. Nitakaa hapa mpaka Magharibi."

"Baba alijifunganga hivi miaka thelathini!"

"Baba alikuwa na bahati. Wewe yako umeitumia yote."

Abiria waliguna. Mwenye pikipiki alipiga honi. Mwanamisi hakutikisika.

Kati ya abiria alikuwepo Chepkirui, mke wa mwalimu wa shule ya ng'ambo. Kabla ya kuolewa huku, alifanya kazi miaka kumi na miwili kwenye feri ya ziwani. Alisogea karibu.

"Baba Laila, naomba niseme kitu."

"Sema, dada."

"Kule feri, mfanyakazi akijifunga kamba mwilini, ama akiizungusha mkononi, anatolewa kazini siku hiyo hiyo. Mwenzangu mmoja alipoteza vidole vitatu. Na alikuwa na nguvu kukushinda."

"Sasa boti nishike na nini? Meno?"

Watu walicheka. Chepkirui pia alicheka.

"Shika na nguzo. Chimbia mkaratusi mnene hapa, futi nne chini. Ng'ambo chimbia mwingine. Zungusha kamba kwa nguzo mara mbili, halafu shika ncha yake ukiwa umesimama nyuma. Nguzo ndiyo inabeba uzito, si wewe. Hatari ikija, unaachilia tu. Na kamba ikiwa chini, usisimame ndani ya duara lake. Ikikaza, itakamata mguu."

Mwanamisi aliinama, akavuta majaketi ya kuokoa maisha kutoka chini ya kiti. Yalikuwa bado kwenye nailoni.

"Na haya?" aliuliza.

"Hayo ni ya abiria wenye woga," Athman alisema. "Mimi najua kuogelea."

"Siku ile ulikuwa hujui?" Chepkirui aliuliza.

Athman aliyatazama yale majaketi.

"Kila abiria avae lake," Chepkirui aliendelea. "Lakini nyinyi muwe wa kwanza kuvaa. Mkizama nyinyi, nani ataokoa wengine?"

Ndipo Anwar akazungumza, akiangalia chini. "Kaka, mimi ndiye nilikata ile kamba. Ulikuwa umevutwa hadi kando ya boti. Ningekosa, ningekukata wewe. Sitaki kuikata tena."

Athman alimtazama mdogo wake. Kisha akaifungua kamba kiunoni.

"Leteni jembe," alisema.

Siku hiyo hakuna aliyevuka mpaka saa nane mchana. Hata mwenye pikipiki alichimba. Chepkirui aliwaambia wachore alama nyekundu kwenye nguzo. Maji yakifika hapo, kazi isimame. Tangu siku hiyo boti ilibeba watu wachache, kila mmoja na jaketi lake. Waliolalamika walipata jibu kutoka kwa Mwanamisi, na ulimi wake mnaujua.

Mwezi wa nane mto ulijaa tena. Asubuhi moja maji yaligusa alama nyekundu.

"Leo tumefunga," Athman alisema. Mfanyabiashara mmoja alimsihi sana. Athman alikataa.

Ndugu wale wawili walikuwa ukingoni, wakitaka kuivuta boti nchi kavu. Anwar alikuwa ametoa makasia. Athman alikuwa ameshika ncha ya kamba, nyuma ya nguzo. Ghafla mti mzima, na mizizi yake, uliigonga boti. Kamba ikalia kwenye nguzo.

"Kaka, achia!" Anwar alipiga kelele.

Athman aliachilia. Kamba ikachomoka. Boti ikaenda peke yake, ikapotelea kwenye kona ya mto.

Mwanamisi alikuja mbio. Aliwakuta wote wawili wamesimama, majaketi mwilini, nguo kavu. Alimshika mume wake mkono, akamshika na Anwar.

"Mama Laila," Athman alisema kwa huzuni, "boti imeenda."

"Acha iende," Mwanamisi alijibu, machozi yakimtoka. "Mbao za boti nyingine tutapata sokoni Ekero. Nyinyi ningewapata wapi?"