Aliyejibu Tahadhari

"Mtungi unavuja," sauti ilisema kwenye simu.

"Maji au mafuta?" aliuliza Sindano.

"Mafuta. Leo, kabla geti halijafungwa."

Simu ikakatika.

Hakuhitaji kufasiriwa. Kontena la silaha lilikuwa linatoka bandari kavu leo hii, na kamera za getini zingeganda, kama zilivyoganda mara zote zilizopita. Sindano, jasusi aliyepewa kazi ya kuliziba tundu hilo, alivaa ovaroli ya fundi mitandao, akaificha bastola ya Glock kwapani, akapita getini na koleo mkononi huku akitafuna bigijii.

Hakuna aliyemtazama. Fundi mitandao hukumbukwa mtandao ukikatika.

Chumba cha seva kilikuwa na baridi ya kupenya mifupa. Humu ndimo alimofanya kazi kaka yake, wa tumbo moja na jasusi mwenzake, akijifanya fundi mkuu, mpaka siku gari lake lilipokutwa mtoni likiwa tupu. Mwili haukuonekana. Mama yao hadi leo haukomei mlango wa uani, asije mwanawe akakuta umefungwa.

Mwandiko wake ulikuwa bado kwenye vibandiko vya nyaya. *Mke wa mtu sumu, usiguse.* Sindano alicheka peke yake, kisha akagundua ameushika ule waya na hataki kuuachia.

Akafungua kompyuta.

Swichi ya kamera, kifaa kinachoziunganisha kamera na mtandao, ilikuwa inachungwa vizuri. Mfumo ulipima kazi ya prosesa na wingi wa data, na swichi ikizidiwa hadi kamera zigande, tahadhari ilimwendea fundi mkuu kwenye simu. Akijibu "nimeona," mambo yanaishia hapo. Akikaa kimya, mfumo unawapigia mafundi wengine wote. Ndivyo walivyojipangia, ili timu nzima isikurupushwe kwa kazi ya mtu mmoja.

Alizifuata tahadhari za nyuma. Kila kamera zilipoganda, mfumo ulikuwa umepiga kelele. Na kila mara mtu alijibu upesi, ukanyamaza.

Aliyejibu: Fundi Mkuu.

Na namba ilikuwa ile ile ya kaka yake. Jibu la mwisho lilikuwa la wiki iliyopita.

"Kwa nini namba yake bado imo?" alimuuliza fundi wa zamu, mama mmoja mwenye shali shingoni.

"Nani aitoe, mdogo wangu? Kila mmoja alimwachia mwenzake. Tulisema maadamu hajibu, tahadhari zitatufikia sisi. Kuifuta tuliona kama tunamuua wenyewe."

"Zimewahi kuwafikia?"

Yule mama alifikiri kidogo. "Sasa ndiyo nakumbuka. Hazijawahi."

Sindano alitoka koridoni akapiga simu makao makuu.

"Mkuu, namba ya kaka inajibu."



"Basi yu hai na ametuuza. Amri kuhusu msaliti unaijua."

"Naijua."

Aliijua vizuri, na aliona aibu, kwa sababu moyo wake uliyakataa mengine yote ukabaki na maneno mawili: yu hai. Awe mwizi, awe msaliti, mradi anapumua. Kama angeweza kumfyatulia risasi, hilo hakutaka kujiuliza.

Alirudi kwenye kompyuta, akachagua swichi ya kantini, isiyohusika na kamera, ili mwenye simu asishtuke. Ilikuwa imewekewa kikomo cha asilimia tisini. Akakishusha hadi kumi, ili mfumo udhani imezidiwa.

Tahadhari ikatoka.

Asijibu, aliomba. Kisha akaomba ajibu.

*Nimeona.*

Jibu lilikuwa limepitia antena ya Wi-Fi iliyo kwenye kibanda cha mizani ya kupimia malori. Mwenye simu yumo humu humu yadi.

Sindano aliteremka ngazi akapita katikati ya makontena, jua la alasiri likimchoma. Kila mwanamume mrefu aliyempa mgongo alikuwa kaka yake, mpaka ageuke.

Juu ya mizani kulikuwa na lori lenye kontena, injini inanguruma. Ndani ya kibanda, mtu mwenye mabega mapana alikuwa ameinamia dirisha.

"Kaka?" Lilimtoka tu.

Mtu akageuka. Alikuwa msimamizi wa yadi, yule aliyeonekana kwenye video za msako akisaidia kutafuta mwili mtoni, akilia kumshinda mama mzazi.

"Umepotea, fundi?"

"Nakagua antena, mzee."

Kidole cha Sindano kikabonyeza simu yake, aliyokuwa ameiunganisha na mfumo. Tahadhari ya pili ikaondoka.

Kitu kikatetemeka mfukoni mwa msimamizi.

Wote wawili wakautazama ule mfuko.

Mkono wa msimamizi ulikimbilia droo. Koleo likawahi. Mfupa ukalia, bastola ikaanguka sakafuni, na Glock ikamgusa kipaji cha uso.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwenye simu."

"Tulimpa nafasi ajiunge nasi. Tulimbembeleza kabisa. Akakataa." Macho yake yakaenda dirishani. "Gari tu ndilo tulilolitupa mtoni. Yeye yuko hapo, chini ya zege la mizani."

Lori lilikuwa bado linanguruma.

Sindano alichukua redio, akawaita askari ambao Mkuu alikuwa amewaweka tayari getini.

"Geti, fungeni. Mzigo uko kwenye mizani. Mkamateni dereva, na hilo lori mliondoe hapo juu."

"Si lingoje wapelelezi kwanza?"

"Liondoeni."

Askari walipokuwa wanamfunga msimamizi pingu, Mkuu alipiga.

"Kazi nzuri. Na kaka yako ametoka msafi."

"Ningempokea hata mchafu, Mkuu."

Akakata. Akairudisha Glock kwapani, akafunga zipu ya ovaroli, akaelekea getini bila haraka, fundi aliyemaliza zamu yake. Mlinzi alimtakia jioni njema, naye akaitikia vizuri tu.

Nje ya ukuta alisimama, akapiga simu nyumbani.

"Mama," alisema, "komea mlango wa uani. Nakuja tulie."