Mbegu Kumi za Kakao

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mikakao Verlyn alipomtuma mumewe akaombe chumvi kwa jirani, Ma Efrasi.

"Atakunyima," alimwambia. "Sukuyani hagusi chumvi."

Wiki mbili mtoto wao alikuwa akiamka na alama za buluu mapajani, kama zile anazoacha sukuyani, mchawi avuaye ngozi akafyonza damu. Lakini Anselm hakuwa mtu wa kusadiki ovyo. Alitembea na mbegu kumi za kakao. Za mfuko wa kushoto zilisema Ma Efrasi ni mtu. Za kulia, ni sukuyani. Alianza na tisa kwa moja. Mtoto alipopata alama, akahamisha mbili. Alipoyaona macho mekundu ya kizee, tatu.

Kabla ya kutoka alimwaga mchele kizingitini. Sukuyani havuki mchele mpaka auokote wote, punje kwa punje.

Mlango wa Ma Efrasi ulifunguka kidogo. Harufu ya moshi...

"Chumvi sina, mwanangu."

"Na kopo lile la rafuni?"

"Nimesema sina. Masikio umeyasahau kwenye chupa ya ramu?"

Anselm akahamisha nne zilizobaki, zote kwa mkupuo. Akachomoa panga.

Pigo la kwanza likakata mkono aliouinua. La pili likazama shingoni. Damu ya moto ikamrukia Anselm mdomoni.

"Mwanangu..."

La tatu.



Akafungua kopo. Mende mkavu, basi. Ukutani palikuwa na kioo, na ndani yake macho mekundu yalimtazama. Yake mwenyewe. Moshi wa kukaushia kakao... kijiji kizima kina macho hayo. Kizee angekuwa malaika, yangekuwa mekundu vilevile.

Akarudisha mbegu kushoto, moja moja, zikiteleza kwa damu. Zikabaki mbili za alama ya mtoto. Nazo akazirudisha, na ile ya kwanza. Alama haitaji jina la mtu.

Nyumbani mtoto alikuwa akilia kitandani. Pajani, alama mpya, bado mbichi.

Verlyn alichuchumaa kizingitini, upande wa ndani. Tik... tik... punje zilianguka bakulini.

"Mia tatu na saba..."

"Verlyn. Unafanya nini?"

"Mchele wenyewe ndio huu tu," alinong'ona bila kuinua uso. "Usikanyage. Utanipotezea hesabu."

Mkono mmoja wa Anselm ulikuwa bado na panga. Wa pili ukaingia mfukoni, ukaanza kuhamisha.