Mwanvita Akataa Kufuta Kijani

Kila asubuhi Mwanvita alifagia uwanja wa mama yake mdogo huko Kihonda, mjini Morogoro, akachota maji, kisha akavaa sare na kushika njia ya shule. Alikuwa darasa la sita, na ukaidi wake ulijulikana hadi ofisi ya walimu. Ungemwambia jambo asiloliamini, ungelisema mpaka koo likukauke.

Wiki hiyo darasa lilijifunza kanda za nchi. Kila kundi lilichora ramani ya kanda moja, na ramani hizo zingetundikwa siku ya wazazi. Kundi la Mwanvita lilipewa kanda ya mashariki. Oscar, kiongozi wao, alifuata mchoro wa kitabuni akaupaka mkoa mzima wa Morogoro njano, yaani nchi ya joto, ya miwa na mkonge. Alipotoka kunywa maji, Mwanvita alichukua brashi akaipaka milima ya Uluguru kijani, rangi ya nyanda za juu zenye baridi.

"Mwanvita, acha kuzingua," Oscar alisema aliporudi. "Kitabu kimesema njano."

"Kitabu hakijawahi kulala kwa bibi yangu."

Akawaeleza kwamba kwa bibi mzaa mama, juu kabisa milimani, watu huota moto mchana na hulima njegere na karoti. Wenzake walicheka. Walikuwa wakiiona milima ile tangu wazaliwe, lakini hakuna aliyewahi kuipanda, na njegere za sokoni waliamini zote zinatoka Lushoto, mkoani Tanga. Wakamwita mwongo. Kuitwa mkaidi alishazoea, lakini hilo la mwongo lilimuuma sana.

Kesi ilipofika kwa Mwalimu Anselmi, alisema kijani kifutwe, la sivyo Mwanvita atoke kwenye kundi na jina lake lisiandikwe kwenye ramani.

"Nisamehe mwalimu, lakini sifuti," Mwanvita alisema. "Nikifuta, ndipo nitakuwa mwongo."

Mwalimu akamtaka alete ushahidi.

Mwanvita aliwaza mpaka akakumbuka mafuta ya nazi. Kwa bibi yake huganda kama samli, na huwezi kujipaka mpaka uyaweke kwanza kando ya meko. Kihonda, mchana, humiminika kama maji. Akamwomba mwalimu wakayapime mlimani.

Jumamosi, kwa ruhusa ya wazazi, mwalimu alilipeleka kundi mlimani. Mafuta ya nazi yalitiwa kwenye chupa mbili. Moja ilibaki ofisini, nyingine aliibeba Oscar mwenyewe kwa sababu hakumwamini Mwanvita. Walianza kupanda jua likiwa kali. Walipofika mahali ambapo kijani cha Mwanvita kilianzia, mafuta yalikuwa yakicheza chupani. Walipanda zaidi, wakaipita migomba na nyumba za watu, mafuta bado yalicheza. Oscar akaanza kutabasamu, akauliza kama warudi.

"Rudini nyinyi," Mwanvita alisema. "Mimi napanda."

Wakapanda wote. Juu kabisa ukungu uliwafunika, wakakaa kupumzika karibu na matuta ya kabichi, mwalimu mwenyewe amejikunyata kwa baridi. Baada ya muda mrefu Oscar aliipindua chupa. Mafuta hayakushuka. Yalikuwa meupe, yameganda. Mwalimu akampigia simu mlinzi wa shule, akaambiwa chupa ya ofisini bado inamiminika.

Oscar aliomba radhi kwa kumwita mwenzake mwongo. Mwanvita naye alikuwa na la kusema.

"Mimi pia nilizidisha," alisema. "Kijani hakianzii kule chini nilikochora."

Jumatatu alikipunguza kwa mkono wake, akaacha kile cha juu tu. Mwalimu Anselmi akaliambia darasa kwamba kanda huchorwa na watu, na ramani ndogo haiwezi kuonyesha kila mlima.

"Mtu akikwambia ufute ukweli, kataa kwa adabu, kisha uupime," alisema. "Ukikuta umezidisha, punguza mwenyewe. Mimi nilitaka kifutwe kabla ya kupima, na hapo nilikosea."

Siku ya wazazi, mzee mmoja alisimama mbele ya ramani, akatikisa kichwa na kusema kijani kile kimekosewa, Morogoro ni joto tupu. Mwanvita alifungua mdomo, lakini Oscar alimtangulia.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Panda kwanza kule juu. Ukirudi, ndipo utuambie tufute."