Bi Zipu Hafungi

Asubuhi, kabla chai haijapoa, Bi Zipu alikuwa ameshaketi kwenye cherehani yake. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jengo, chini ya ngazi. Dari lake liliteremka, na mteja mrefu ilimbidi ainame. Humo alibadilisha zipu, akashona mikanda ya mabegi, akafufua masanduku ya safari. Hakufanya kazi ya kulipua. Zipu mpya aliivuta mara ishirini, nenda rudi, ndipo ampe mwenyewe.

Lakini kwa wiki tatu wateja waliadimika. Sababu aliijua siku muuguzi mmoja alipoingia akihema, begi lenye zipu mbovu mkononi.

"Kumbe upo! Mwenye duka la mabegi hapo mbele ameniambia ulishafunga. Alitaka kuniuzia begi jipya."

"Nimefunga? Mimi?" Bi Zipu alisimama ghafla, kichwa kikagonga dari.

Alikwenda dukani moja kwa moja. Mwenye duka alicheka tu. "Dada, siku hizi nani anashona begi? Kapumzike nyumbani."

Jioni mumewe alimwambia kwa upole, "Mama watoto, tuachane nayo. Kaka amesema kwake kuna kazi ya kufua na kupiga pasi."

"Kazi ninayo, baba. Yule wa dukani aseme nimefunga, na mimi nimsaidie kufunga? Sifungi!"

Palepale alichukua simu. Aliandika tangazo refu, akalimwaga kwenye kila kundi alilokuwemo: la wazazi wa shule, la majirani, hata la msiba wa binamu yake. Haikupita nusu saa, shangazi akapiga.

"Wewe mtoto, sisi tunapanga mazishi, wewe unatutangazia zipu?"

Akatolewa kundini.

Kesho yake, uso umemshuka, alikwenda kwa Mama Picha, jirani wa mlango wa pili. Huyu alipiga picha za vitambulisho, na wateja wake wengi aliwapata mtandaoni. Mama Picha alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akavuta kiti.

"Shoga, ukijisifu mwenyewe, watu wanasikia kelele. Akikusifu uliyemhudumia, wanasikiliza. Una wateja walioridhika?"

"Tele."

"Umewahi kumwomba hata mmoja akuelekeze kwa wenzake?"

Bi Zipu alitikisa kichwa.

"Basi mwombe pale anapotabasamu, usingoje mwezi upite. Mwambie hasa afanye nini: picha moja, maneno mawili, namba yako. Wewe usiweke picha yake mtandaoni bila ruhusa. Akikuletea mtu, mpe asante, labda mshonee mkanda bure. Mgeni naye mpunguzie kidogo. Na ukiahidi, timiza."

"Je, nikijiandikia sifa kwa jina la mtu mwingine?"

"Thubutu! Ukigundulika, nani atakuamini tena? Huyo wa mbele anasema uongo. Wewe mjibu kwa ukweli."

Mchana muuguzi alirudi kuchukua begi. Alivuta zipu, ikateleza kama imepakwa mafuta. Akatabasamu. Bi Zipu akamsogelea.

"Dada, kama umeridhika, naomba uwaambie wenzako mtandaoni. Ukiniletea mmoja, nitakushonea mkanda bure. Yeye nitampunguzia. Maana watu wanaambiwa nimefunga."

"Bado anawaambia?" Muuguzi alikunja uso. "Ngoja."

Alitoka mpaka barabarani, akawasha video, akaanza kutembea. "Jamani, hili ni duka la mabegi. Mkiambiwa hapa kwamba fundi amefunga, msisimame. Piteni pembeni, kateni kushoto, inameni kidogo. Huyu hapa! Oneni zipu yangu."

Aliituma kwenye ukurasa wake na kwenye kundi la wauguzi wenzake.

Kesho yake walikuja wawili. Mwisho wa wiki walikaa hadi kwenye ngazi. Kila mgeni Bi Zipu alimwuliza, "Nani amekuelekeza?" Jina aliliandika ukutani kwa chaki. Jioni alimtumia mwenye jina ujumbe wa sauti kumshukuru, na mkanda wa bure hakumnyima mtu.

Siku moja mteja alilalamika chini ya ile video kwamba mkanda wake umekatika. Mume wa Bi Zipu akaruka. "Mwambie muuguzi afute!"

"Hafuti mtu." Bi Zipu akaandika mbele ya wote: *Ni kweli. Nilitumia uzi dhaifu. Kosa ni langu. Lete, nitashona upya bure.*

Mteja yule alirudi. Wiki iliyofuata alirudi tena, safari hii na mama mkwe wake na masanduku matatu. Tangu hapo mume wa Bi Zipu aliacha kutaja kufua. Akitoka kazini alipita kumsaidia kufumua nyuzi za zamani.

Jumamosi moja mwenye duka aliinama mlangoni.

"Dada, hamia dukani kwangu. Ukae mbele, watu wakuone. Wateja hawa tugawane."

Bi Zipu aliutoa uzi mdomoni.

"Hawa hawagawanywi. Wameletana wenyewe. Kama una begi la kushona, shika foleni."

Kisha akamgeukia aliyefuata. "Karibu, mama. Nani amekuelekeza?"