Kamera Zilizokula Betri

Mwili wa Bartolomayo, mlinzi wa usiku, ulikutwa asubuhi ukiwa umelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la bosi wake, lililoegeshwa uani, huko Mkonze. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Chini ya kichwa kulikuwa na sweta lililokunjwa vizuri.

Inspekta Anyesi alilitazama sweta kwa muda mrefu kuliko jeraha.

"Muuaji gani anamtafutia mtu mto?"

"Mwenye adabu," alisema Koplo Munira, mtaalamu wa vifaa vya kielektroniki.

Ndoano ya kuvutia tela, nyuma ya gari, ilikuwa na damu. Ufunguo ulikuwa bado kwenye swichi. Hakuna kilichoibwa.

"Mnahangaika bure, afande," alisema mwenye gari, Riyaz, muuza mafuta ya alizeti. "Lina kamera pande zote na kompyuta chini ya kiti. Inarekodi hata gari likiwa limezimwa. Tazameni tu."

Munira alitazama. Ua gizani, paka akipita, kivuli cha mtu kwenye mlango wa gari. Kisha hakuna kitu.

"Betri iliisha?" aliuliza Anyesi.

"Hapana. Betri ikishuka, kompyuta hufunga rekodi yake taratibu ndipo ijizime. Hii imekatika ghafla. Mtu amechomoa fyuzi."

"Kwa hiyo betri ni nzima?"

Munira aliipima, akatikisa kichwa. "Fundi aliyefunga kamera aliweka kiwango cha kuzima chini mno. Umeme uliobaki unatosha kompyuta. Kuwasha gari, hautoshi."

"Nani anajua fyuzi ilipo?" Anyesi alimuuliza Riyaz.

"Fundi, naye yuko Chemba wiki nzima. Na dereva wangu, Gerson."

Gerson aliishi mtaa huohuo. Mkewe Jenifa, mjamzito wa kukaribia kujifungua, alikuwa ameketi kizingitini, mkono kiunoni.

"Shikamoo, afande," alisema Gerson.

"Marahaba. Baridi yote hii, sweta lako liko wapi?"

Gerson alimtazama mkewe, kisha akatazama chini.

"Limebaki garini."

Kituoni hakuhitaji kubanwa.

"Bosi aliahidi gari lake litampeleka Jenifa hospitali. Lakini kila asubuhi tulilisukuma ndipo liwake. Zile kamera zinakula betri. Nilimwambia. Akasema fundi ameshaweka kitu cha kuzizima betri ikishuka, nisimfundishe kazi."

"Ukaanza kuchomoa fyuzi."

"Naruka ukuta usiku, nachomoa. Alfajiri narudisha. Mtoto wetu wa kwanza alifia njiani, afande. Nilikuwa nasukuma baiskeli, mama yake kapakiwa nyuma."

"Na Bartolomayo?"

"Jana nilichelewa, betri ikawa imeshaliwa. Nimechomoa tu, akanikaba, akidhani mwizi. Tukavutana mpaka nyuma ya gari. Nikamsukuma. Akaangukia ile ndoano."

"Ukamlaza kwenye kiti."

"Alikuwa anapumua. Ufunguo nakaa nao mimi, nikapiga stata. Taa zikawaka kidogo, zikafa. Nikakimbilia barabarani kutafuta bodaboda, chochote. Niliporudi alikuwa amepoa."

"Riyaz alikuwa amelala ndani ya nyumba. Kwa nini hukumwamsha?"



"Niliogopa kuulizwa natafuta nini pale uani."

Anyesi aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Gerson akatia sahihi, akapelekwa mahabusu.

Nje, Jenifa alikuwa amefika kwa miguu, na chupa ya uji mkononi.

"Anarudi leo?"

"Hapana, mama."

"Kesho?"

Anyesi alitoa kalamu mfukoni. Aliandika namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi.

"Uchungu ukianza, nipigie mimi. Saa yoyote."

"Una gari, afande?"

Anyesi aliutazama uwanja wa kituo. Gari lao lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu ya mbele.

"Nitatafuta. Nakuahidi."

Jenifa aliipokea karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Haya, afande," alisema. "Hata Gerson aliahidiwa."