Sanduku la Oliva Bado Liko Mlangoni

"Hilo sanduku utalifungua lini?" mchumba wangu Makarius aliniuliza, amesimama mlangoni kwa mama.

"Nitalifungua."

"Wiki ya tatu sasa tangu urudi, Oliva. Tumeshatangazwa kanisani mara mbili."

"Kwani linakula ugali wako?"

Akashika kofia yake. Makarius akishika kofia ujue ameumia, na mdomo wangu hauna breki. Nikaongeza:

"Kwanza kamalizie lile kabati la nyumbani kwako. Fundi mzima unasahau droo ya chini?"

"Sijasahau," alisema, akachukua baiskeli yake akaondoka.

Simu ikalia. Ujumbe wa Rupert, kiongozi wa kikundi chetu cha ngoma:

"Oliva, tumepata Japani, miezi sita. Jibu kabla ya Jumapili."

Jumapili! Siku ya tangazo la tatu.

Miaka miwili nimecheza ngoma yetu ya lizombe Ujerumani, Poland na Ureno. Ukumbi mzima unasimama kunipigia makofi, moyo unajaa, halafu narudi chumbani kula mkate peke yangu, hakuna hata wa kuniuliza nimeamkaje. Bibi alizikwa nikiangalia kwenye simu, mtandao ukakatika kabla ya udongo. Nililia nikiitamani Songea. Sasa nimerudi, usipa, wale dagaa wa Nyasa, wako mezani kila siku, na miguu inaniwasha kuondoka tena. Nilijichukia.

Jumamosi asubuhi nikaenda parokiani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele amina. Oliva! Kulikoni?"

"Mlitangaza kwamba anayejua kizuizi cha ndoa aje. Nimekuja."

"Ndoa ya nani?"

"Yangu."

Padri Amedeus akavua miwani.

"Ajabu. Wewe ni wa pili leo. Makarius, hebu rudi ndani!"

Akaingia kutoka baraza la nyuma, kofia mkononi.

"Umekuja kuniacha?" nilimuuliza.

"Nimekuja kuomba tangazo lisimame. Siwezi kumfunga mtu ambaye sanduku lake liko mlangoni. Na wewe?"

"Nakupenda, Makarius. Ila nikiwa kule nalilia hapa, nikiwa hapa moyo uko kule. Wameniita tena, miezi sita. Naogopa sitatulia, nitakutesa."

"Nani amekuambia utulie?"

"Si umekasirikia safari zangu?"

"Safari? Mara ya kwanza ulinitumia meseji ukiwa umeshafika Dar. 'Nimeondoka, usikasirike.' Nimeisoma miaka miwili. Sikuumia kwa sababu umesafiri, Oliva. Niliumia kwa sababu hukuniaga."

Nikalia mbele ya padri bila aibu. Kumbe nilikwepa kumuaga kwa kuogopa atanizuia, na hakuwahi kuwa na mpango huo.

"Nisamehe."

"Safari hii uniage. Stendi, mchana kweupe, watu wakiona."

Padri akakohoa.

"Sasa mwenye kizuizi ni nani?"

"Hakuna, Padri," tulijibu kwa pamoja.

Jioni hiyo nilimjibu Rupert kwamba nitakwenda. Jumapili tulitangazwa mara ya tatu, na Jumamosi iliyofuata tukafunga ndoa. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Jioni, nyumbani kwake Bombambili, sasa kwetu, nilipanga nguo zangu zote kabatini. Likabaki sanduku tupu, sijui pa kuliweka. Makarius akalisukuma kwenye ile nafasi ya droo ya chini niliyomcheka. Likaingia lote, halikubakiza upana wa kidole.

"Ulipima lini?"

"Siku uliyorudi. Si mimi niliyelibeba kutoka stendi? Nilipima kwa shibiri."

"Ulijua nitaondoka tena?"

"Nilijua litahitaji mahali pa kurudi."

Wiki tatu baadaye basi la Dar lilikuwa linanguruma stendi. Nilipanda, kisha nikashuka tena, kondakta akaanza kufoka. Nilimshika mume wangu mikono yote miwili, nikasema kwa sauti mpaka wauza karanga wakageuka:

"Makarius, nasafiri. Nakuaga."

"Umeniaga, mke wangu," alisema huku machozi yakimtoka. "Haya, nenda."