Spika ya Ukumbini

Spika ilikuwa imeibwa. Simu ya mkutano ilibaki mezani na waya wake unaning'inia, na mbele yake wananchi arobaini walikuwa wameketi wametoa macho.

Inspekta alitazama saa. Saa tisa na nusu. Mkutano ulikuwa uanze saa kumi.

"Simu yenyewe ipo. Si muendelee tu?"

Karani wa halmashauri nusura azirai. "Afande, kanuni! Madiwani wakikutana kwa simu, lazima wananchi wasikie kila neno hapa ukumbini. Sauti ya simu haifiki hata safu ya pili. Bila spika, mkutano ni batili. Na kibali cha maktaba kinaisha leo. Wasipopiga kura ya kukiongeza, kesho inafungwa."

"Nani anataka ifungwe?"

"Mwenye ukumbi wa harusi, jirani. Lile jengo analimezea mate."

Mwenye ukumbi wa harusi alikuwa safu ya mbele, ametoa jasho tele.

"Ulikuwa wapi saa saba, spika ilipotoweka?"

"Kwa kinyozi, afande. Nusa hapa, mafuta bado mabichi!"

Inspekta alinusa. Kweli tupu.

Akarudi mezani kutafuta alama za vidole. Pale spika ilipokuwa, chini ya waya, palikuwa na kadi ndogo ambayo karani aliidhani takataka. Imeandikwa kwa mwandiko safi: *Kimechukuliwa: spika moja. Kurudishwa: kesho, saa mbili.* Na muhuri wa tarehe juu yake.

Inspekta alicheka hadi akashika meza. Katika miaka ishirini ya kazi alikuwa hajawahi kuona mwizi anayejiandikia tarehe ya kurudisha.

Mkutubi wa maktaba alikuwa nyuma kabisa, amekumbatia kapu la kufumia.

"Mama, kapu hilo lina nini?"

"Nyuzi."

"Na chini ya nyuzi?"

Mama wa watu akavunjika. "Spika, mwanangu. Nimeichukua mimi. Ile kadi, mkono ulijiandikia wenyewe. Miaka thelathini sijaacha kitu kiondoke bila kadi."

"Kwa nini?"

"Nilisoma tangazo pale mlangoni. *Hatima ya Maktaba.* Nikajua wanaifunga. Nikasema, bila spika hawakutani, na wasipokutana hawafungi."

Karani alishika kichwa. "Mama! Chini yake tumeandika kura ni ya kuongeza kibali miaka kumi! Wewe, mkutubi mzima, umesoma kichwa tu?"

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Mkutubi alifunika uso, kisha mabega yake nayo yakaanza kutikisika kwa kucheka.

Saa kumi kasoro dakika mbili, spika ilikuwa imeunganishwa. Karani aliwaita madiwani mmoja mmoja, kama kanuni inavyotaka.

"Ndiyo," alisema wa kwanza. "La," wa pili. "Ndiyo." "La." Wa tano, wa mwisho, kimya.

Mkutubi alimshika Inspekta mkono, akambana vidole.

"Mheshimiwa, tunakuita mara ya pili!"

Kimya. Kisha spika ikakoroma. "Jamani, nilikuwa nimezima sauti! Nimeshasema mara tatu! Ndiyo, ndiyo, ndiyo!"

Watu waliruka juu ya viti. Mwenye ukumbi wa harusi alipiga makofi pia, maana kila mtu alikuwa akimtazama.

Inspekta alifungua daftari. "Sasa, mama, maelezo yako."

"Andika yote," alisema mkutubi, machozi yakimtiririka hadi kwenye tabasamu. "Halafu nisomee, mwanangu. Mpaka mwisho."